Mbwa Aliyepooza Miguu: Kisu Kiko Nairobi, Uuguzi Uko Nyumbani

Mbwa akianza kuburuta miguu ya nyuma huko Mutomo au Kathonzweni, mashauri ya majirani huwa mawili: apigwe rungu mateso yaishe, au aachwe kivulini Mungu aamue. Shauri la tatu, kwamba mbwa anaweza kupasuliwa mgongo na akatembea tena, huonekana ni anasa ya matajiri wa Nairobi. Hata anayelijua hulikataa kwa sababu moja: hospitali iko mbali na pesa hazipo.

Sababu hiyo ni ya kweli, lakini inaficha jambo kubwa zaidi. Upasuaji wenyewe ni kazi ya saa chache. Kinachoamua kama miguu itarudi ni wiki zinazofuata, na wiki hizo mbwa hazimalizi hospitalini. Anazimaliza nyumbani, mikononi mwa watu ambao hawajawahi kufundishwa uuguzi wa mnyama. Hivyo swali la kaunti za Kitui na Makueni lina sehemu mbili: je, mbwa afikishwe kwenye kisu? Na akirudi, au hata asipokwenda kabisa, nani atamuuguza na kwa vifaa gani? Sehemu ya pili ndiyo isiyozungumzwa, na ndiyo iliyo karibu zaidi na uwezo wa mwananchi.

Kinachoharibika mgongoni

Uti wa mgongo ni safu ya pingili za mfupa. Kati ya pingili moja na nyingine kuna diski, iliyo kama mto mdogo wenye ganda gumu la nyuzi na kiini laini, ambayo kazi yake ni kupokea mishtuko mbwa anaporuka na kugeuka. Juu ya diski hizo, ndani ya mfereji wa mifupa, hupita ugwe mgongo, unaopeleka amri za ubongo miguuni na kurudisha habari za maumivu. Diski ikipasuka au kuvimba kuelekea juu, huugandamiza ugwe huo. Mara nyingi hutokea pale mbavu zinapoishia na kiuno kuanza, ndiyo maana miguu ya mbele hubaki mizima na ya nyuma hulegea.

Mwaka 1952 mtafiti wa Uswidi, Hans-Jörgen Hansen, aligawa tatizo hili mara mbili, na mgawanyo wake unatumika hadi leo. Katika aina ya kwanza, kiini cha diski hukauka mapema na kupasuka ghafla. Huwapata hasa mbwa wa miguu mifupi kama Dachshund, Pekingese na French Bulldog. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba mbwa hao hurithi nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4 kwenye kromosomu ya 12, na hiyo ndiyo inayozeesha diski zao kabla ya wakati. Katika aina ya pili, diski huvimba polepole kwa miaka, na waathiriwa wengi ni mbwa wakubwa wenye umri, kama German Shepherd.

Ukambani, eneo la kaunti hizi, mbwa wa miguu mifupi ni wachache: wa mijini, au wanaokuja na wenyewe sikukuu za Desemba. Mbwa wa kawaida ni wa kienyeji, mwepesi, anayelinda mbuzi dhidi ya fisi na kuwafukuza nyani kwenye mahindi na maembe. Utafiti uliofanywa Machakos miaka ya 1990, Makueni ikiwa imemegwa kutoka wilaya hiyo mwaka 1992, ulionyesha kwamba mbwa wengi wa eneo hilo hawaishi miaka mingi. Kwa hiyo wachache hufikia umri wa diski kuvimba. Mgongo wao huharibika kwa njia nyingine: gari kwenye barabara kuu ya Mombasa inayopita Sultan Hamud, Emali, Makindu na Kibwezi, pikipiki kwenye barabara ya vumbi, teke la punda, au fimbo ya jirani aliyechoka kuibiwa mayai.

Tofauti hizo ni muhimu kwa daktari wa upasuaji, kwa kuwa diski iliyopasuka hutolewa ilhali pingili iliyovunjika hufungwa kwa vyuma. Kwa mwenye mbwa zina umuhimu mdogo. Mgonjwa anayeletwa nyumbani ni yuleyule: miguu haifanyi kazi, mkojo hautoki vizuri, na ngozi iko hatarini.

Kabla ya mgongo, kichaa

Hata hivyo, katika kaunti hizi mbili hakuna ruhusa ya kudhani moja kwa moja kwamba miguu iliyolegea ni tatizo la mgongo. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, na Ukambani kimekaa kwa miongo mingi. Serikali ilipozindua mwaka 2014 mpango wa kukitokomeza ifikapo 2030, Makueni iliwekwa miongoni mwa kaunti za kuanzia.

Watu wengi wanamjua mbwa mwenye kichaa kama anayekimbia ovyo na kuuma. Wachache wanaijua sura ya pili, ile ya kupooza. Mbwa wa namna hiyo hana ukali. Hulegea, hutafuta giza, taya la chini huning'inia, mate hutiririka, na hawezi kumeza. Mwenyewe hudhani amekwamwa na mfupa, humshika taya na kuingiza vidole kooni kuutafuta. Mfupa haupo, mate yenye virusi ndiyo yaliyopo, na mkwaruzo mdogo kidoleni unatosha.

Mbwa wa diski kwa kawaida ana macho maangavu, anamtambua bwana wake, anakula, na mgongo wake unauma ukiguswa. Kichaa husonga mbele siku baada ya siku hadi kooni, na mbwa hufa ndani ya siku 10 hivi. Lakini hakuna kipimo cha nyumbani cha kuwatenganisha wawili hao. Uhakika hutoka kwenye ubongo uliopimwa maabara baada ya kifo. Kwa hiyo mbwa asiyechanjwa aliyelegea ghafla afungiwe peke yake, afisa wa mifugo aitwe, na mkono usiingie mdomoni. Aliyeumwa, au aliyelambwa kwenye kidonda, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Hapa ndipo chanjo inapogeuka kuwa zaidi ya kinga. Mbwa aliyepoteza hisia miguuni anahitaji uamuzi wa upasuaji haraka, wakati mbwa anayeshukiwa kichaa anapaswa kutengwa na kuchunguzwa kwa siku kadhaa. Asiye na kadi ya chanjo hukwama katikati: siku za kumchunguza ndizo siku za kumwokoa. Aidha, kumuuguza mbwa huyo ni kumbeba, kumpangusa na kumgusa mdomoni mara nyingi kwa siku. Hakuna familia inayopaswa kuombwa kufanya hivyo kwa mbwa ambaye hali yake ya kichaa haijulikani.

Apasuliwe au asipasuliwe?

Daktari hupima ukali kwa ngazi: mbwa mwenye maumivu tu, anayetembea akiyumba, asiyetembea ila anasogeza miguu, asiyesogeza ila anahisi, na asiyehisi chochote. Kipimo cha mwisho hukosewa sana. Kidole cha mguu hubanwa kwa nguvu, na watu hufurahi mguu ukijikunja. Kujikunja si ushahidi, kwa sababu mguu hujikunja wenyewe bila ubongo kupata habari. Kinachotazamwa ni kichwa: je, mbwa amegeuka, amelia, au amejaribu kuuma?

Tofauti ya matokeo ni kubwa. Wenye diski iliyopasuka ambao bado wanahisi, wakipasuliwa, takriban 9 kati ya 10 hutembea tena. Waliopoteza hisia hiyo, takriban nusu au zaidi kidogo. Asiyehisi na asiyepasuliwa ana tumaini dogo. Kwa wale wenye maumivu tu au wanaoyumba tu, kupumzishwa kwa kufungiwa pamoja na dawa hutosha mara nyingi. Mwongozo uliotolewa mwaka 2022 na chuo cha Marekani cha matabibu wa magonjwa ya ndani ya wanyama unataka mapumziko hayo yasipungue wiki 4. Baina ya ncha hizo mbili wapo wasiotembea lakini wanahisi. Wengi wao hupona hata bila kisu, ila polepole zaidi na bila uhakika ule.

Kwa maneno mengine, familia isiyoweza kulipia upasuaji haijafika mwisho wa njia, isipokuwa hisia zimepotea. Na anayeamua kusafiri ajue kwamba safari yenyewe ni sehemu ya tiba. Kutoka Kitui hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 150, na kutoka mji wa Wote ni zaidi ya 100. Mbwa alazwe ubavu juu ya ubao, afungwe kwa leso mabegani na kiunoni asijipinde, na mdomo ufungwe kwa kulegeza, kwani maumivu humfanya hata mbwa mpole aume. Kumbeba kwa kumshika makwapa huku kiuno kikining'inia ni kumalizia kile gari lilichoanza.

Wiki za nyumbani

Mbwa aliyepasuliwa hurudi na mshono mgongoni, ambao nyuzi zake hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14, na amri ya kufungiwa wiki 4 hadi 6. Kufungiwa ndiko kunakovunjwa zaidi. Mbwa wa shamba hajazoea ukuta, na siku anapohisi nafuu ndiyo siku ya hatari, kwa maana anataka kumkimbilia mgeni langoni. Anahitaji nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala, si zaidi. Kona ya ghala iliyozungushiwa mbao inatosha, sakafu ikiwa na magunia yasiyoteleza. Anatoka kwa dakika chache tu kujisaidia, akiwa na kamba shingoni na leso iliyopitishwa chini ya tumbo, mbele ya mapaja, mtu akishika ncha zake mbili juu ya mgongo. Leso haimbebi mbwa mzima. Inabeba tu uzito ambao miguu haijaweza.

Kazi ngumu kuliko zote ni kibofu. Ugwe mgongo ukiumia, mbwa hawezi kuamuru mkojo utoke. Kibofu hujaa, hutanuka, misuli yake hulegea, na mkojo uliotuama huoza na kupandisha maambukizi hadi kwenye figo. Mtego uko hapa: kibofu kilichofurika huvuja chenyewe, matone yakilowesha tandiko, na familia husema ameanza kukojoa. Hajaanza. Mkono ukiwekwa tumboni utakuta donge gumu la mviringo.

Kukamua kibofu hufanywa kila baada ya saa 6 hadi 8. Mbwa husimamishwa kwa leso au hulazwa ubavu. Viganja viwili huwekwa pande mbili za tumbo mbele ya mapaja, vidole vikiwa bapa. Mikono husogea taratibu kuelekeana hadi donge lisikike katikati, kisha hubana kwa nguvu inayoongezeka polepole kuelekea nyuma, bila kufinya wala kushtua. Mkojo ukianza, nguvu ileile hushikiliwa mpaka uishe. Mkojo wenye harufu kali, wenye damu au ukungu ni habari ya kumpigia daktari. Hili halifundishiki kwa maneno peke yake. Mwenye mbwa asikubali kuondoka hospitalini kabla hajalifanya mwenyewe mbele ya daktari na kufaulu.

Kinyesi huleta shida ndogo, kwa kuwa mara nyingi hutoka chenyewe. Ngozi ndiyo inayofuata kwa uzito. Mbwa asiyehisi hajui kwamba amelalia mfupa wa nyonga tangu asubuhi. Ageuzwe kila baada ya saa 4 hivi, na viwiko, nyonga na vifundo vitazamwe kila siku kama vina wekundu. Akiruhusiwa kujiburuta kwenye changarawe, vidole vya nyuma hukwanguka hadi nyama. Soksi kuukuu iliyofungwa kwa kulegeza huzuia, mradi ifunguliwe na mguu utazamwe kila siku.

Mazoezi huanza kwa mikono ya mwingine. Mbwa akiwa amelala, kila kiungo cha mguu wa nyuma hukunjwa na kunyooshwa taratibu mara 10 hivi, mara tatu kwa siku, ili misuli isikakamae. Baada ya siku kadhaa husimamishwa kwa leso, nyayo zikipangwa vizuri chini, kwa dakika moja au mbili. Hatua za polepole kwa kamba hufuata daktari akiruhusu. Wenye hisia mara nyingi huanza kutembea ndani ya wiki 2 hadi 4. Waliozipoteza wanaweza kuchukua miezi. Mgongo ukishashika, eneo hili lina kitu ambacho kliniki za mijini hukinunua: mchanga. Kumtembeza mbwa hatua chache kwenye kitanda kikavu cha mto Tiva au Thwake humlazimisha anyanyue mguu na kuuweka kwa makini bila kuumia akianguka.

Dawa ni eneo la makosa yanayoua. Ibuprofen na diclofenac zinazouzwa kila duka la dawa zinaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Kuchanganya dawa mbili za kupunguza uvimbe, au moja kati ya hizo na steroidi, ni hatari vilevile. Apewe alichoandikiwa yeye, kwa kipimo chake.

Na kuna dalili moja isiyosubiri. Katika siku za mwanzo, kama mbwa 1 kati ya 10 waliopoteza hisia ugwe wao huanza kufa na kuyeyuka, uharibifu ukipanda kuelekea kichwani. Tumbo hulegea, miguu ya mbele hudhoofika, na pumzi huwa nzito. Hali hiyo haina tiba, na wajibu unaobaki ni kumlaza mbwa usingizi wa mwisho kabla hajakosa hewa.

Maji, joto na nzi

Vitabu vya uuguzi wa mbwa vimeandikwa kwa nyumba zenye bomba na mashine ya kufulia. Kitui katika miezi ya ukavu, mtungi wa lita 20 umefuatwa mbali na una foleni ya watu na mbuzi kabla ya mbwa. Kumwogesha kila siku haiwezekani, wala si lazima. Kinachohitajika ni kuzuia mkojo usikae kwenye ngozi. Manyoya ya mapaja na tumbo la chini yanyolewe, sehemu iliyoloa ioshwe kwa kikombe kimoja cha maji safi na kitambaa, kisha ikaushwe kabisa. Chini yake, nyasi kavu zinazobadilishwa kila siku hushinda godoro linalofyonza mkojo na halifuliki.

Joto hujibiwa kwa kivuli, upepo na maji ya kunywa yaliyo karibu na mdomo. Kuna wanaopunguza maji ili mbwa asikojoe sana. Huko ni kumtafutia ugonjwa wa figo. Nzi ni adui mkubwa kuliko joto. Hutaga kwenye manyoya yaliyoloa na kwenye vidonda, na funza huonekana upesi mno. Neti ya mbu iliyochakaa ikitundikwa juu ya kona yake, pamoja na ukaguzi wa asubuhi na jioni chini ya mkia, hufanya kazi kuliko dawa ya kunyunyiza.

Chakula kipungue kidogo. Mbwa aliyefungiwa akila ugali uleule wa wakati wa kukimbia atanenepa, na kila kilo ya ziada hubebwa na mgongo unaopona na mikono inayomwinua.

Nani atalipa, na kwa haki gani?

Wanaokataa kumtibu mbwa wana hoja zao. Familia inayohesabu karo na mahindi haiwezi kulaumiwa kwa kutouza mbuzi ili mbwa apasuliwe. Lakini gharama kubwa kuliko pesa, ambayo hata wenye pesa hawaihesabu, ni muda wa mtu. Kibofu hakingoji jioni. Nyumba ambayo wakubwa wako sokoni, watoto wako shuleni na bibi amebaki peke yake haiwezi kumwinua mbwa wa kilo 25 saa sita mchana kwa siku arobaini. Swali la nani atakuwepo mchana ndilo la kuulizwa kabla ya bei ya upasuaji.

Jibu likiwa hakuna, kumlaza mbwa kwa sindano ya daktari ni uamuzi wa heshima. Kisicho cha heshima ni njia ya katikati iliyozoeleka, ya kumwacha kivulini aoze akiwa hai. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, humtia hatiani mwenye mnyama anayemsababishia mateso yasiyo ya lazima, na kutotenda ni sehemu ya kosa hilo. Tatizo ni kwamba sindano hiyo nayo haipatikani kirahisi, ndiyo maana rungu hubaki.

Kazi ya kaunti

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliziachia kaunti huduma za mifugo, utoaji leseni za mbwa, na hata vituo vya kutunza na kuzika wanyama. Hivyo suala hili lina mwenyewe. Ni rahisi kudai chumba cha upasuaji wa mbwa Wote au mjini Kitui, lakini dai hilo lingekosea mpangilio. Wagonjwa wa kisu cha mgongo ni wachache, na wataalamu wake wengi wako Nairobi, wakiwemo wa kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete.

Kinachopungua ni vitu vidogo vinavyoanza mapema na kuendelea baadaye. Kwanza, chanjo ya kila mwaka yenye kadi, ikifikia asilimia 70 ya mbwa, kiwango kinachotakiwa kukata mnyororo wa kichaa. Chanjo hiyohiyo ndiyo humpa mbwa aliyelegea haki ya kuguswa. Pili, afisa wa wadi anayejua kupima hisia kwa kutazama kichwa badala ya mguu, ili anayepaswa kukimbizwa akimbizwe na anayetosha kufungiwa afungiwe. Tatu, afisa huyohuyo amfundishe mwenye mbwa kukamua kibofu, kisha apokee simu yake wiki zinazofuata. Nne, dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa mbwa zipatikane kwenye maduka ya agroveti kwa cheti cha daktari, na sindano ya kulaza ifike kijijini kwa bei ambayo mtu wa kijijini anaimudu.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji jengo jipya. Vikiwepo, mbwa atakayerudi kutoka Nairobi na mshono mgongoni atakuta watu wanaojua la kufanya, na yule asiyeweza kwenda atapata sehemu kubwa ya tiba ileile. Visipokuwepo, hata upasuaji bora kabisa utaharibikia njiani au kwenye tandiko lililoloa.